Majani Yaliyokosekana Endebess

Inspekta Jepchirchir alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akapitisha kidole kwenye shina la mmea, kutoka chini kwenda juu. Kidole kilikwama mara nyingi. Kila kilipokwama palikuwa na kovu dogo, mahali jani lilipokatwa.

“Haya ya chini yamekauka,” alisema. “Haya ya juu bado yanatoa maji. Amekuwa akikata kila baada ya muda, si mara moja.”

Konstebo Cheruiyot alikuwa amejikunyata mlangoni mwa grinhausi, manyunyu yakimdondoka kwenye ukingo wa kofia. Upande huu wa Endebess jua lilikuwa halijaonekana tangu mwanzo wa wiki.

“Madam, si tung’oe tu hizi vitu tuende? Tukizichoma hapa, mji wote utashinda umetulia.”

“Ukichoma ushahidi, utatulia wewe. Nyumbani, bila kazi.”

Bangi iliyojaa ndani ya nailoni ya grinhausi ile haikuwa ile ya kienyeji ambayo polisi wa Kitale walizoea kuikuta katikati ya mahindi, ndefu na nyembamba. Hii ilikuwa chotara. Ilikuwa fupi, imetanuka mabega, na vichwa vyake vilikuwa vizito hadi matawi yamefungwa kwa kamba yasivunjike. Mtu alikuwa ameitunza kama mgonjwa. Feni mbili zilining’inia juu, zimezimwa tangu polisi walipovamia jana.

Kuhusu feni hizo, polisi walikuwa wameomba msaada. Duka la Baldev mjini Kitale ndilo lililoijenga grinhausi hiyo wakati mwenye shamba alipokuwa hai, na asubuhi hii lilikuwa limemtuma fundi wake. Jina lake Dancan, kijana mpole wa ovaroli ya kijani, mikono ya ovaroli ikimzidi urefu.

“Nieleze hizi feni,” Jepchirchir alimwambia.

“Ni za hewa, madam. Hii mbegu chotara haipendi baridi yenye maji, na hapa kwetu baridi ni ya maji tu. Ona hii.” Alikipasua kichwa kimoja kwa vidole. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijivu, laini kama manyoya ya panya. “Inaoza kutoka ndani ukiiangalia. Sasa lazima hewa ipite katikati.”

“Ndiyo maana anatoa majani ya chini?”

“Ndiyo. Mvua ikizidi, anatoa mengi.”

“Anayapeleka wapi?”

“Yanachomwa, madam. Ukiyaacha chini, ukungu unarudi.”

“Unajua sana.”

Dancan alitabasamu kwa aibu. “Hata nyanya ni hivyo hivyo. Nimefunga hizi grinhausi kutoka hapa hadi Cheptais. Madam, kama hamna swali lingine, nina matangi ya kufunga Webuye leo.”

Jepchirchir alimruhusu aende. Sauti ya pikipiki yake ilipopotea, alitoka nje na kuizunguka grinhausi polepole, macho yakiwa chini. Alizunguka tena, safari hii kwa mbali zaidi, hadi kwenye ua, hadi kwenye shimo la taka, hadi nyuma ya choo.

“Unatafuta nini, madam?”

“Jivu.”

“Si mvua imebeba.”

“Mvua ingebeba jivu. Haiwezi kuotesha nyasi mahali palipoungua. Niambie ni wapi hapa pameungua.”

Cheruiyot aliangalia. Kila mahali palikuwa kijani. Shimo la taka lilikuwa na maganda ya viazi na nepi moja iliyochanika. Hapakuwa na jani hata moja.

Simu ya Jepchirchir ililia. Alikuwa Kipkemboi, mkuu wa kituo.

“Jepchirchir, huyu mama wa bangi anapanda kortini mchana huu. Shamba ni lake, ufunguo tulimkuta nao mfukoni. Wewe bado unazunguka huko ukitafuta nini?”

“Majani, mkubwa.”

“Yako tele hapo mbele yako.”

“Yale ambayo hayapo.”

Kipkemboi alivuta pumzi. “Korti ikirudi kutoka chakula cha mchana, kesi yake itatajwa. Kiongozi wa mashtaka atapinga dhamana, nakuambia mapema. Ukiwa na jina lingine, nipe kabla ya hapo. Ukiwa na hadithi, kaa nayo.”

Mama wa bangi aliitwa Kabura, na alikuwa amesema kwamba grinhausi aliipangisha kwa mtu wa nyanya. Alikuwa mjane mchanga, na usiku alikuwa amelala katika seli ya Kitale na binti yake Kui, ambaye bado alikuwa akinyonya. Akinyimwa dhamana, Kui angeingia rumande pamoja naye au angechukuliwa na shemeji yake, Zachary. Zachary alikuwa ameshafika kituoni jana kusema kwamba mtoto ni wa ukoo, na shamba ni la ukoo pia.

Jepchirchir aliangalia ng’ambo ya ua. Kwa Zachary, ng’ombe wa maziwa walikuwa wamepanga vichwa kwenye hori, wanatafuna.

“Twende tuwasalimie wale,” alisema.

*

Zachary aliwapokea akiwa ameshika uma wa samadi. Hakuwakaribisha ndani.

“Shemeji yangu hana ubaya, afande. Ana akili ya kitoto tu. Lakini sheria ni sheria, ama namna gani?”

“Ng’ombe wako wanakula nini, mzee?”

“Nyasi ya napia. Na mabua tuliyosaga. Kwani?”

Jepchirchir aliingiza mkono kwenye hori la kwanza, akachambua. Akaenda la pili. Alifika hadi la mwisho, akachota hata mabaki yaliyokanyagwa chini. Ilikuwa napia na mabua, kama alivyoambiwa. Ng’ombe walimtazama kwa macho mazima, mmoja akamlamba mkono wa koti.

“Maziwa yao?”

“Yanaenda ushirika kila asubuhi. Wanayapima. Siku yakirudishwa utasikia kilio changu hadi mjini.”

“Kama jirani angekupa majani ya nyanya, ungewapa?”

Zachary alicheka kwa pua. “Ya nyanya? Unataka niwazike? Yale yanavimbisha tumbo, ng’ombe anaanguka miguu juu. Hata mtoto wa hapa anajua. Na isitoshe, yule mtu alikuwa anabeba majani yake yote, hakuwahi kumgawia mtu.”

Cheruiyot aliacha kupangusa viatu.

“Mtu gani?” Jepchirchir aliuliza.

Zachary aliuhamisha uma mkono wa pili.

“Jana uliandikisha kwamba hukuwahi kuona mpangaji kwa Kabura,” Jepchirchir aliendelea. “Ukatia sahihi.”

“Mpangaji sikuona. Niliona kibarua. Amejifunika uso kama watu wa kupiga dawa, miwani, kila kitu. Anajaza magunia, anafunga kwa pikipiki, anaenda.”

“Na hukuona lazima utuambie.”

“Hamkuniuliza kibarua.”

“Mzee Zachary, kuna mtoto wa ndugu yako amelala kwenye sakafu ya simiti.”

“Nimesema nitamchukua.”

“Nimesikia ulichosema. Utafika kituoni uandikishe upya. Leo, si kesho.”

Walipokuwa wanarudi kwenye gari Cheruiyot alisema, “Huyo ndiye, madam. Anataka shamba. Amepanda bangi kwa shemeji, halafu amepiga ripoti mwenyewe. Bana, hiyo ni akili.”

“Inawezekana. Halafu majani anayala nani?”

“Si amechoma.”

“Wapi?”

Cheruiyot aliwasha gari.

*

Kabura aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amemfunga Kui mbele kwa leso. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Mtoto alikuwa akinyonya kwa sauti, hana habari na mtu.

“Grinhausi ilijengwa na marehemu,” alisema. “Mimi nilikuwa kwa wazazi, nimeenda kujifungua. Mafundi hata sikuwaona. Alipokufa, nikaona itakaa bure. Mtu akapiga simu, akasema anataka kupanga, afanye nyanya za majaribio. Nikaona Mungu amenikumbuka.”

“Sasa namba hiyo haipatikani, na imesajiliwa kwa mtu aliyekufa.”

“Nimeambiwa, madam.”

“Na yule wa kuja shambani?”

“Huyo hakuwa anaongea sana. Alijifunika. Alisema nisiingie, nitaingiza ugonjwa kwa nyanya.”

“Harufu hukuisikia?”

“Nilisikia. Nikauliza. Akasema ni dawa.” Kabura aliinamisha kichwa. “Ningeingia. Tangu jana najiambia ningeingia. Lakini alikuwa ananipa heshima, madam. Alikuwa ananisaidia kuteka maji. Nani angefikiria?”

“Tuongee juu ya majani. Aliyakata akayafanyia nini?”

“Aliyabeba. Mimi nina mbuzi wawili, nikamwomba hata gunia moja. Akakataa. Akasema, haya yana mwenyewe.”

Kalamu ya Jepchirchir ilisimama.

“Alisema hivyo? Yana mwenyewe?”

“Ndiyo. Nikashangaa. Sasa nani anawekewa majani ya nyanya? Hata mbuzi nilikuwa nataka kuwajaribishia tu.”

Kui aliachia titi, akageuka na kumwangalia inspekta. Kabura alimfuta mdomo kwa kidole gumba.

“Madam,” alisema, “huko kortini, nikiambiwa nisirudi nyumbani, huyu ataenda wapi? Niambie tu, nijipange.”

“Bado hujaambiwa.”

“Niambie tu.”

“Kaa hapa,” Jepchirchir alisema. “Mletee chai yenye maziwa,” akamwambia askari wa zamu, “na usimpe ya jana.”

Kwenye korido alimshika Cheruiyot kiwiko.

“Sikiliza. Mtu anamwambia mwenye shamba kwamba ni nyanya. Lakini majani hayachomi, hayatupi, anayabeba kwa magunia kwenda kwa mtu anayeyangoja. Majani mabichi anayangoja nani hapa kwetu?”

“Mwenye ng’ombe.”

“Ambaye hawezi kukubali majani ya nyanya. Kwa hiyo hakuambiwa ni nyanya, na hakuambiwa ni bangi. Ameambiwa ni majani tu. Anamlisha ng’ombe bangi na hajui. Ng’ombe huyo anakuwaje?”

Cheruiyot alifikiri. “Anakuwa msanii.”

“Anakuwa mgonjwa. Na mwenye ng’ombe mgonjwa anamwita nani?”

*

Daktari wa mifugo wa Kitale hakuwa amemwona ng’ombe wa namna hiyo, lakini alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la madaktari wa mifugo wa eneo lote. Alituma ujumbe wa sauti: kuna polisi anamtafuta ng’ombe anayeyumba bila homa. Walimjibu kwa vicheko vingi. Mmoja aliuliza kama ng’ombe huyo anaendesha gari.

Halafu mtu mmoja hakucheka. Alipiga simu moja kwa moja.

“Inspekta, mimi naitwa Manisha, nina kliniki hapa Bungoma. Nina ng’ombe mmoja amenishinda. Njoo umwone.”

Barabara ya Bungoma ilikuwa na malori ya miwa, na Cheruiyot aliyapita kwa namna iliyomfanya Jepchirchir ashike mkanda. Kadiri walivyoteremka ndivyo mawingu yalivyokatika. Walipofika mjini jua lilikuwa kali na vumbi limesimama juu ya barabara. Saa ya korti ilikuwa inakaribia.

Manisha alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa gambuti na koti jeupe lenye madoa ya dawa ya kuogesha. Babu yake alifungua duka la nafaka mtaa huohuo; yeye alichagua ng’ombe. Alikuwa akinawa mikono huku anaongea.

“Anasimama amefungua macho lakini haoni. Anadondosha mate. Ukimsukuma, anaenda upande. Nilimtibu ndigana, lakini hana kupe, hana homa. Nikadhani amekula sumu ya panya. Damu haisemi hivyo. Halafu anapona mwenyewe, anakula kama askari jeshi. Nasahau. Halafu mama ananipigia tena.”

“Anarudia wakati gani?”

“Hakuna mpango, ndiyo inanitesa.”

“Mara ya mwisho?”

“Juma hili. Hata leo hajapona.”

“Hapa kulikuwa na mvua?”

“Hapa? Hata majani ya barabarani yalikauka.”

“Endebess imenyesha juma zima,” Jepchirchir alisema. “Kabla ya hapo?”

Manisha alitaja. Jepchirchir alimpigia simu Zachary hapo hapo, akamuuliza siku za mvua kubwa shambani kwake. Mkulima hasahau mvua. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ililingana. Mvua ilinyesha mlimani, na baada yake ng’ombe aliyumba Bungoma.

“Mvua ikizidi, anatoa mengi,” Cheruiyot alisema polepole. Ndivyo fundi alivyosema asubuhi.

Jepchirchir alimtazama. “Daktari,” alisema, “mwenye ng’ombe ni nani?”

*

Nelima aliishi nje kidogo ya mji, upande wa Kanduyi, kwenye boma lililofagiliwa hadi ardhi ikang’aa. Alikuwa mama wa miaka mingi, mguu mmoja umevimba goti. Alipomwona Manisha alianza kucheka kabla ya kusalimia.

“Daktari, umemletea polisi? Haya, mfungeni. Amenichosha.”

Ng’ombe alikuwa kwenye banda lililoezekwa kwa nailoni nzito, ya aina ile ile iliyofunika bangi kule Endebess. Alikuwa amesimama kichwa kimeinama, mate yakining’inia hadi chini, akiutazama ukuta kana kwamba ukuta ulikuwa unamweleza jambo.

“Ona sasa,” Nelima alisema, baadhi ya l zikimgeuka r kinywani. “Anarara amesimama. Nimemwombea hata kanisani. Watu wakacheka.”

“Mama, anakula nini?”

“Napia, kama iko. Haiko kila wakati. Mimi na huu mguu siwezi kuzunguka barabarani na panga. Ni kijana yangu ananisaidia. Ananiletea majani kutoka kazini.”

“Majani gani?”

“Ya huko kwa hizo nyumba za nairon. Yeye ndiye fundi, Kitare, kwa duka ya Muhindi.” Alisema kwa fahari, akanyoosha mkono kuonyesha paa la banda. “Hii ni yeye alifunga.”

Cheruiyot alikuwa ameinama kwenye hori. Aliinuka na kijiti kilichotafunwa nusu, jani moja bado limeshikilia, limegawanyika kama vidole vya mkono. Alimwonyesha Jepchirchir.

“Anaitwa nani, mama?” Jepchirchir aliuliza, ingawa alikuwa amejua tangu kliniki.

“Dancan.”

“Alianzaje kukuletea?”

“Wee, hiyo nilimfunza adabu. Siku moja nimempigia simu, ananiambia ati yuko busy, anachoma majani. Mabichi? Nikamwuliza, wewe ulizaliwa wapi? Mama yako anashinda kwa barabara akitafuta nyasi ya kukata, ng’ombe ndiyo ilikulipia shule, na wewe unachoma chakula yake? Akasema mama, hayo hayafai. Nikamwambia, jani bichi halifai vipi? Ukikuja hapa bila hayo majani, usinisalimie.”

“Akaleta.”

“Akareta. Si mimi ni mama yake? Alisema nichanganye na napia, nimpe kidogo kidogo. Sasa napia ikiisha nifanye nini? Nampa yote.”

Manisha alijifunika mdomo kwa mkono.

Nelima aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Alitafuta kiti cha nje kwa mkono, akaketi.

“Amefanya nini?”

Jepchirchir alichuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane. Alimweleza yote kwa maneno machache. Mmea ni gani. Shamba ni la nani. Akamweleza kwamba mwenye shamba yuko seli, na hajui lolote, na mchana huu atapelekwa kortini.

“Ana mtoto?”

“Anaye. Yuko naye huko ndani.”

“Mkubwa?”

“Bado hajaanza kukaa.”

Nelima aliusugua mguu wake mbaya. Ng’ombe alipumua kwa nguvu bandani.

Simu ililia. Kipkemboi. Jepchirchir alisogea kando.

“Mkubwa, nina jina. Dancan, fundi wa duka la Baldev. Alikuwa pale asubuhi akitufundisha.”

“Una nini juu yake?”

“Majani yenyewe. Yako kwa mama yake, kwenye hori la ng’ombe.”

“Ng’ombe.”

“Amelewa, mkubwa. Daktari yuko hapa.”

“Unataka nimwambie hakimu kwamba shahidi wetu ni ng’ombe mlevi?”

“Nataka umzuie Kabura hapo kituoni.”

“Na huyo Dancan akisema Kabura ndiye tajiri wake, yeye ni kibarua tu? Zachary ndivyo anavyoandikisha hapa sasa hivi. Kibarua aliyejifunika. Inamzidishia mama makosa, haimwondolei. Nipe huyo kijana na maneno kutoka kinywani mwake. Gari linawashwa.”

Simu ilikatwa. Jepchirchir alipiga dukani. Aliambiwa Dancan yuko Webuye kwa mteja, simu yake ya kazi imezimwa, na hakuna anayejua ni mteja gani.

“Nina namba yake,” Nelima alisema kutoka kwenye kiti. “Ile yangu na yake. Hiyo haizimi.”

“Mwite, mama. Mwambie ng’ombe amezidiwa.”

Nelima alitoa simu kutoka kwenye nguo, simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. Aliibonyeza kwa kidole gumba. Alipoanza kuongea, aliongea Kibukusu.

Jepchirchir alikuwa amelelewa kwa Kinandi. Cheruiyot vivyo hivyo. Walimtazama mama mdomoni bila kuokota neno hata moja. Hakupandisha sauti. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena kwa muda mrefu. Mahali pamoja alilitaja neno polisi. Cheruiyot aliruka hatua moja mbele na Jepchirchir akamzuia kwa mkono.

Nelima alimaliza, akaifunga simu kwa mpira wake.

“Umemwambia ng’ombe amezidiwa?” Jepchirchir aliuliza.

“Hapana.”

“Umemwambia nini?”

“Ukweri.”

Cheruiyot alishika kichwa. “Madam, ameshamwonya. Huyo sasa hivi yuko njia ya Lwakhakha. Akivuka mpaka, nani atamshika Uganda? Mama, hujui umefanya nini.”

“Najua nilichofanya, kijana,” Nelima alisema. “Nimemwambia polisi wako kwangu. Nimemwambia wewe ni mrefu na huyu madam ni mpole. Nimemwambia kuna mama anafungwa kwa ajiri yake, na mtoto anaenda ndani, na huyo mtoto hajakaa. Nimemwambia ng’ombe yangu nitauza nitamwekea wakili, lakini mtoto ya wenyewe kulala jela kwa ajiri ya nyumba yangu, hapana. Nikamwambia aamue.”

“Akasema nini?” Jepchirchir aliuliza.

“Hakusema. Alikata.”

Walingoja. Jepchirchir alipiga simu kizuizi cha polisi cha njia ya Lwakhakha, akatoa maelezo ya pikipiki na ovaroli ya kijani. Manisha alimpa ng’ombe maji ya chumvi kwa chupa. Nelima alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na chai, akampa kila mtu kikombe, hata Cheruiyot. Cheruiyot aliishika chai bila kuinywa, macho kwenye njia. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimfanya ageuze kichwa, na kila moja ilipita.

Kipkemboi alipiga tena. Jepchirchir aliangalia kioo cha simu, hakuijibu.

Dancan alikuja kwa miguu. Pikipiki alikuwa ameiacha mahali. Aliingia kupitia njia ya nyuma, kati ya migomba, bado na ile ovaroli yenye mikono mirefu, matope ya Endebess kwenye magoti. Cheruiyot alimwendea mbio na kumshika bega. Dancan hakujitoa. Alikuwa akimwangalia mama yake.

“Ungesema tu yanamwua ng’ombe,” alimwambia kwa Kiswahili. “Ningeacha kuleta.”

“Si ulisema hayafai,” Nelima alisema. “Mimi ndiye sikusikia.”

“Dancan,” Jepchirchir alisema, “una haki ya kunyamaza. Ukisema kitu, kitaandikwa. Unanielewa?”

“Naelewa.”

“Kabura alijua?”

Jepchirchir alikwisha kumpigia Kipkemboi, simu ameiweka wazi kwenye kiganja, mkono umenyooka katikati yao.

“Hakujua,” Dancan alisema. “Nilimwambia nyanya. Mwenye mbegu ni mtu mwingine, yeye ndiye alipiga simu ya kupanga. Alinitafuta kwa sababu mimi naweza kuifanya isioze na hii baridi. Wengine walijaribu, ikaoza yote. Huyo mama hakuwahi kuingia hata siku moja. Aliniomba majani ya mbuzi, nikamnyima.”

“Mwenye mbegu nani?”

“Hilo nitasema kwa ofisi. Si hapa kwa mama.”

Sauti ya Kipkemboi ilitoka kwenye kiganja, nyembamba, mbali.

“Nimesikia. Gari bado liko getini. Ninamtoa kwenye orodha ya leo. Mlete huyo.”

“Na huyo mtoto?” Nelima aliiuliza simu.

“Nani huyo anaongea?”

“Ni mama ya mshukiwa, mkubwa,” Jepchirchir alisema.

Kipkemboi alikohoa. Nyuma yake, pale getini Kitale, mlango wa gari ulifunguliwa na mtu akaambiwa ashuke polepole, asijikwae na mtoto.

“Mwambie anashuka,” alisema.

Cheruiyot alikuwa ametoa pingu. Alijaribu kuzifunga, lakini mikono ya ovaroli ilikuwa mirefu na minene kwa kulowa, chuma kikateleza juu ya kitambaa. Alijaribu tena. Nelima alimsogeza kando kwa bega, bila kumwomba ruhusa. Aliushika mkono wa kulia wa mwanawe, akaukunja ule mkono wa ovaroli hadi juu ya kifundo, mikunjo iliyolingana. Akaukunja na wa kushoto. Kisha akaishikilia mikono yote miwili mbele ya konstebo, imesimama wazi, akangoja.